Losike, Fahali na Folda Iliyofichwa

Mlango wa studio haukupigiwa hodi. Uliingia ndani mzima mzima, na bawaba zake, na nyuma ya mlango akaingia Ewoi, na nyuma ya Ewoi wadogo zake wawili, kila mmoja na fimbo ya kuchungia ngamia. Kofi la kwanza lilimkuta Losike amekaa mbele ya kompyuta. La pili lilimkuta sakafuni. La tatu hakujua limetoka kwa nani, ila aliona nyota, na mchana wa Kakuma hauna hata wingu, sembuse nyota.

"Akai yuko wapi?"

"Ejok, habari, shemeji, keti kwanza tu..."

"Shemeji ni nani? Mimi niko na shemeji hapa?" Ewoi akawageukia wadogo zake. "Nyinyi mnaona shemeji?"

"Tunaona mtu amelala," mmoja akajibu, akamlaza zaidi kwa teke la mbavu.

"Hiyo fahali yako ilikufa na risasi," Ewoi akasema. "Watu walipokimbia, ulirudi ukachoma mzoga mkuki. Mzoga hauoi mtu. Dada yangu anarudi nyumbani, na mtoto ni wetu."

Akai alikuwa chumba cha nyuma, ndiko walikoishi, akimnyonyesha mtoto. Hakutoka kama mwanakondoo. Alimng'ata mmoja wa kaka zake mkono mpaka damu ikamtiririka yeye kidevuni, akashika mguu wa meza, meza ikaburutwa, skrini ikayumba kama mlevi. "Losike! Simama!" akapiga kelele. "Simama, wewe!" Losike akainua kichwa, akaiona fimbo juu yake, akakirudisha kichwa pale pale kilipokuwa. Mtoto akatolewa nje akilia, mama yake akaburutwa nyuma yake kwa mkono mmoja, na pale mlango ulipokuwa kukabaki vumbi la pikipiki.

Sasa ambaye hajaoa Turkana atauliza, fahali na mke wapi na wapi? Taratibu. Kwetu mtu anaweza kupeleka ngamia, mbuzi na punda mpaka vumbi lifunike kilima, na bado akaitwa rafiki wa binti. Mke anakuwa mke siku ile fahali wa harusi anapochomwa mkuki nyumbani kwa mama yake, akapiga magoti, akaanguka, wazee wakaona. Kabla ya hapo, mtoto akizaliwa ni wa babu yake mzaa mama. Cheti cha kanisa kipo, kizuri, kina muhuri. Lakini mwulize mzee yeyote wa Lopur kama cheti hutoka damu.

Na Losike mwenyewe ni mtu wa kuelezwa polepole. Alizaliwa Lopur, akachunga mbuzi, akasoma mpaka darasa la sita, akaacha kwa sababu alimpiga mwalimu. Hivyo ndivyo asemavyo yeye. Waliokaa naye dawati moja wanasema aliyepigwa anajulikana. Akaenda kubeba magunia ya chakula cha kambi ya wakimbizi, akaota mabega kama milango miwili, na hapo jina lake likaenea sokoni: Losike wa ngumi. Alimvunja pua utingo wa lori. Alimtumbukiza mlevi ndani ya pipa la maji la Barasa, yule Mluhya mwenye banda la kutazamia mpira, na maji ya Kakuma si ya kutumbukizia walevi. Alipofungua studio ya picha, mteja aliyesema picha haifanani naye alitolewa nje kwa ukosi wa shati, akaambiwa akalalamike kwa mama yake aliyemzaa hivyo. Ila ngumi za Losike zilikuwa zimesoma kumpita mwenyewe: zilijua nani ni wa kupigwa na nani ni wa kuamkiwa. Mtu mwenye bunduki, ngumi zile zilifunguka zikamsalimia kwa mikono miwili.

Basi siku ya harusi yake, mwaka 2012, mafuta yalipokuwa ndiyo kwanza yameonekana upande wa Lokichar na kila mtu anajiona tajiri wa kesho, watu walijaa kwa mama mkwe kule Lopur. Wa kupiga picha alikuwa Tut, Mnuer wa Sudan Kusini aliyekimbilia kambini, mtu mzima mwenye mke na ndevu, mrefu kama mlingoti wa simu, aliyejifunza kompyuta huko kambini na ndiye aliyeendesha studio wakati Losike akiendesha mdomo. Fahali akaletwa. Wanawake wakaimba. Losike akainua mkuki, na mseme mtakavyo, aliupeleka vizuri: ukaingia nyuma ya bega, fahali akapiga magoti.

Na hapo hapo kilima kikaanza kupiga risasi.

Wavamizi, wezi wa mifugo, walikuwa wamelala juu ya mawe tangu alfajiri, wakingoja watu washughulike na nyama. Mzee aliyesimamia sherehe, aliyekuwa karibu na kichwa cha fahali kuliko mtu yeyote, risasi ilimwingia shingoni, akalala juu ya pembe kama anayemnong'oneza mnyama. Mwanamke akaanguka na kibuyu chake, maziwa na damu vikachanganyika mchangani. Mwingine akapigwa mguu akajikokota kuelekea kwa mwanawe. Ewoi alipiga goti moja nyuma ya boma la miiba, akajibu kwa bunduki yake, akajibu, akajibu, mpaka mtutu ukachoma kiganja chake. Na bwana harusi? Bwana harusi alikwenda. Aliwapita wazee, akawapita wanawake, akawapita mbuzi, na mbuzi si wachelewaji. Akai alianguka na shanga zake zote, akanyoosha mkono, na mkono ule ukashika hewa ya mahali Losike alipokuwa.

Usicheke sana. Risasi haijakujaribu wewe.

Watu waliporudi walimkuta fahali amekufa, mkuki ubavuni, tundu la risasi kwenye paji la uso. Mzee aliyesimamia sherehe hawezi tena kusema. Waliobaki kila mmoja aliona lake. Losike akasema alikuwa mbele, nyuma ya kilima, akiwazuia maadui kwa mawe. Akaisema hadithi ile mara nyingi hata mawe yakawa makubwa. Akai akamzalia mtoto, akafua shati lake, na mawe yale hakuyauliza.

Lakini kamera ilikuwa na macho. Tut alipoanguka kifudifudi, kidole kiliganda kwenye kibonyezo, kamera ikaendelea kupiga peke yake, tii-tii-tii, na yote ikayameza. Alipozimimina picha kwenye kompyuta, Losike akajiona: mdomo wazi, shuka mgongoni kama bendera, na nyuma yake kule chini, mkono wa Akai.

"Ficha hii," akasema.

"Moja tu, boss?"

"Folda yote. Ficha mtu asione."

"Nitaficha. Kompyuta iko na mahali ya kuficha."

Tut akaificha kweli, kama watu waliosoma wanavyoficha: akaiwekea alama kwamba isionekane, na kompyuta ikaamriwa isionyeshe vitu vya alama hiyo. Losike akadhani kuficha ni kule kwa nyumbani, unasukuma kitu chini ya kitanda na mwenye kitanda anajua kilipo. Hakuuliza. Mwaka mzima akalala usingizi mnono.

Ndiyo maana Ewoi alipomchukua Akai, na Mzee Ekuwam, mkubwa wa wazee wa baraza, akatangaza kwamba kesi itasikizwa Kakuma mwezi ukijaa, Losike alijipiga kifua mbele ya watu. "Mimi niko na picha! Mkuki ulitangulia, mtaona kwa macho yenu!"

"Lete," Mzee Ekuwam akasema. "Mkuki ukiwa wa kwanza, mke ni wako na mtoto ni wako. Risasi ikiwa ya kwanza, usikanyage tena kwa mama yake." Kila mtu alijua kwamba mwenye malori mmoja wa Lokichar, aliyenona kwa tenda za kampuni za mafuta, alikuwa amekwisha kupeleka mbuzi wa kuonja kwa Ewoi, akimtaka Akai.

Losike akakimbilia kompyuta. Folda ya Pasipoti ipo. Ya Kwaya ipo. Ya Kampeni ipo, imejaa wagombea waliotabasamu mpaka uchaguzi wa Machi na kununa tangu Aprili. Ya Fahali haipo. Akafungua huku, akafunga kule, akainua kibodi akatazama chini yake. Haipo.

Tut akaingia na chapati mkononi.

"Umefuta picha yangu," Losike akasema.

"Boss, ile picha..."

Hilo "picha" ndilo neno lake la mwisho kwa muda mrefu. Ngumi ilimpata upande wa taya, mlio wake ukasikika mpaka kwenye duka la Msomali ng'ambo ya barabara. Tut akaanguka juu ya viti. Losike akamfuata. "Ewoi amekupa nini? Eh? Sema! Amekupa nini?" Kila alipouliza alipiga, na kila alipopiga mdomo wa kujibu ulizidi kuharibika. Alipochoka, sakafuni kulikuwa na damu, chapati na jino.

Jioni ile ndugu za Tut walitoka kambini na virungu, wakavunja taa, wakavunja viti, wakamvunja Losike kidole cha mkono wa kushoto kabla hajajitupa kupitia dirishani. Barasa alimkuta ghalani kwake, amejikunyata nyuma ya kreti za soda.

"Ndugu yangu," Barasa akasema, "ulimuuliza yule mtu kwanza kabla ya kumpiga?"

"Nilimuuliza."

"Akajibu nini?"

"Hakupata nafasi."

"Aa. Kumbe umevunja redio, halafu unataka habari."

Tut alikuwa ameshapelekwa hospitali Lodwar, taya limefungwa kwa waya. Losike akakaa na maneno ya Barasa usiku kucha kama mtu aliyekalia mwiba. Kulipopambazuka alichomoa sipiyu, lile sanduku la kompyuta, akaifunga ndani ya shuka kama mtoto mchanga, akapanda lori la kwenda Lodwar. Njiani, pale lori linapopunguza mwendo kwenye korongo, vijana wawili wakatoka kichakani wakafyatua bunduki. Kioo kikamwagika. Utingo akashika bega lake akaanza kumwita mama yake kwa Kikalenjin. Losike akailalia sipiyu, kifua juu yake, mikono miwili kuizunguka, na hakukimbia. Msimpe sifa za bure: dereva alikuwa amekanyaga mafuta, na lori lilikuwa linakwenda kasi kumshinda yeye. Lakini aliilalia.

Wodini Tut alimwona, akachukua chupa ya maji ya pembeni, akamrushia. Ikampata kwenye paji la uso. Akatafuta kingine cha kurusha, akakosa.

"Una haki," Losike akasema. "Rusha na kiatu. Lakini Akai anaenda. Na mtoto. Nisaidie."

Tut akarusha na kiatu. Kisha akavuta kipande cha katoni, akaandika: ULISEMA FICHA. NIKAFICHA. Losike akakisoma kwa kidole, herufi moja moja. Akakisoma tena. Masikio yake yakawa moto.

"Iko ndani bado?"

Tut akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akaandika tena, polepole, akibonyeza kalamu hadi katoni ikatoboka: NITAKUJA. LAKINI ZOTE ZIONEKANE. HATA YAKO. Akamtazama, akaongeza: ULINIKANYAGA MGONGO.

Losike alikuwa amesahau hilo. Kweli, katika kukimbia kule kulikuwa na kitu laini chini ya sandali yake.

Kwenye saiba ya Lodwar, duka la kompyuta za kukodi, wakaunganisha sipiyu. Tut hakuweza kusema, basi akamfundisha kama unavyomfundisha punda kisima: alimshika mkono akaupeleka. Akaufikisha kwenye menyu ya juu, kwenye mipangilio ya folda, kwenye kijiduara kilichoagiza kwamba vilivyofichwa vionekane. Akamwachia. Losike akabonyeza. Na pale juu ya Kampeni na Kwaya ikatokea Fahali, imefifia rangi, kama mtu aliyetoka kifungoni. Ndani yake yalikuwa majina tu, mstari chini ya mstari, namba tupu. Tut akaupeleka mkono tena: picha zikafunguka ndogo ndogo, zimejipanga safu. Mara moja zaidi: zikafuatana kwa saa zilizopigwa. Losike akaona mkuki. Akaona fahali. Akajiona mwenyewe, mdomo wazi. Kidole chake kikasogea kwenye kibonyezo cha kufuta, kikakaa juu yake, kikawa kizito. Tut hakumzuia. Alimtazama tu kwa jicho lililovimba.

Losike akaondoa kidole.

Siku ya kesi, banda la mpira la Barasa lilijaa kama fainali. Wazee walikalia vigoda vyao mbele kabisa, kila mmoja na bakora. Akai aliketi karibu na mama yake, mtoto mgongoni, alama ya fimbo shavuni. Ewoi alisimama ukutani na abarait mkononi, kile kisu cha duara kinachovaliwa kama bangili, na siku ile alikuwa ameivua ngozi inayofunika makali. Barasa akavuta kamba ya jenereta, ikakohoa, ikanguruma. Televisheni yake, iliyounganishwa na sipiyu ya Losike, ikawaka.

"Kabla hujafungua hicho kitu," Ewoi akasema, "waambie wazee ulikuwa wapi siku hiyo."

"Wataona."

"Nataka kusikia."

"Nimesema wataona!" Losike akafoka, na sauti ikamtoka nyembamba, watu wa nyuma wakacheka.

Akapita njia yake: menyu, mipangilio, kijiduara. Fahali ikatokea. Picha zikafunguka. Sasa azipange kwa saa. Mkono ulikuwa unatoka jasho, na Losike ana tabia moja na kompyuta: kila kitu hubonyeza mara mbili, kama anayegonga mlango wa mtu mwenye deni. Bonyezo la kwanza likazipanga sawa. La pili likazigeuza nyuma mbele. Hakujua. Akasimama kando, akatoa kifua.

"Njia ya hizi picha inaanzia wapi?" Mzee Ekuwam akauliza.

"Huku juu, mzee. Inakwenda hivi, ikifika mwisho inarudi chini, inaanza tena."

Wazee wakainama. Picha ya kwanza: vumbi tupu na mbingu. Ya pili: soli ya sandali. Ya tatu: Losike mwenyewe, mdomo wazi, shuka mgongoni. Banda likatoa sauti moja, "Aaa!", kisha kicheko kama bati linaloporomoka. Zikafuata maiti ya mzee juu ya pembe, wanawake wanakimbia, na tundu kwenye paji la fahali. Na chini kabisa, mwisho wa safu, Losike ameinua mkuki mbele ya fahali aliyesimama.

"Mmeona!" Ewoi akanguruma. "Watu wanakimbia kwanza! Risasi kwanza! Halafu huyu anarudi na mkuki! Si nilisema? Alioa na mzoga! Mwoga wa kukimbia mkewe, halafu mwoga wa kuchoma maiti!"

"Hapana! Hapana, ziko..." Losike akageukia skrini. Ndivyo zilivyoonekana kweli. Kichwa chake kikawa tupu kama dumu la Januari.

Mmoja wa wadogo zake Ewoi akarusha kigoda, kikampata Losike sikioni. Binamu wa Losike akarudisha kirungu. Na hapo banda likawa boma lililoingiliwa na fisi. Benchi likainuliwa likashuka juu ya mabega ya watu. Mtu akang'atwa. Mtu akapigwa kichwa kwenye nguzo mpaka vumbi la paa likashuka. Mama mkwe, mwanamke wa heshima zake, alimshika nywele shangazi wa Losike, na hakuna aliyeweza kusema zipi zilikuwa za nani. Barasa alikumbatia jenereta akipiga kelele, "Televisheni yangu jamani! Pigeni watu!" Ewoi akapita katikati ya yote hayo kama panga kwenye majani, moja kwa moja mpaka kwenye meza, mkono wenye abarait umeinuka juu ya kompyuta. Alitaka kuivunja, kesi iishie hapo.

Losike akaona makali. Akaona na mlango, uko wazi, uko karibu, na miguu yake inaujua. Akanyoosha mkono wa kushoto juu ya kompyuta.

Abarait ikamfungua kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo. Damu ikaruka juu ya kibodi. Akalia kama mbuzi, kwa sauti kubwa, bila aibu, lakini mkono haukuondoka. Ewoi akainua tena. Na kabla hajashusha, mkono mrefu mweusi ukatoka nyuma ya Losike, ukamkamata Ewoi kifundo: Tut, taya limefungwa, macho yamemtoka, akitoa puani mlio kama wa ngamia. Kwa mkono wake mwingine akakishika kidole cha Losike, kilichojaa damu, akakiweka kwenye mausi. Akakibonyeza mara moja. Akakiinua juu kwa nguvu, akakitikisa mbele ya uso wa mwenyewe. Mara moja tu, mpumbavu!

Picha zikaruka, zikajipanga upya.

"Nyamazeni!" Mzee Ekuwam alikuwa hajainuka kwenye kigoda chake wakati wote ule, alikuwa akipiga kwa bakora magoti ya kila aliyemziba asione. "Nyamazeni, wana wa fisi. Mimi nimechunga ng'ombe tangu sijaota meno. Picha zile za kwanza, mnyama anakufa halafu anasimama. Mzoga unasimama? Nani hapa ameona mzoga ukisimama? Ewoi, wewe umeona?"

Ewoi akauchomoa mkono wake kwa Tut, akashusha abarait. Alikuwa akihema.

"Huyo kijana wa kigeni amegeuza njia ikawa sawa. Sasa ngoja tufuate nyayo vizuri."

Akasogeza kigoda mpaka pua yake ikakaribia kioo. Kwanza fahali amesimama, masikio mbele. Losike na mkuki juu. Mkuki umeingia. Fahali amepiga magoti, na mzee akaweka kucha yake hapo hapo, juu ya picha hiyo, akakaa nayo.

"Mama Akai, njoo. Huyu ni nani?"

"Ni mimi," mama mkwe akasema, akijifunga kitambaa upya.

"Unafanya nini?"

"Ninaimba."

"Na mbwa wako?"

Mama mkwe akainama. "Amelala."

"Mtu anaimba risasi zikilia? Mbwa analala?" Kucha ikasogea picha moja mbele: kila kichwa kimegeukia kilimani, mbwa yuko angani, miguu haigusi chini, na ndipo tundu linapoonekana kwenye paji. Mzee akaegemea nyuma. "Mkuki ulitangulia. Fahali alikuwa amepiga magoti. Risasi ilikuta kazi imekwisha. Akai ana mume, mtoto ana baba. Ewoi, rudisha mbuzi za mtu wa Lokichar."

Ewoi akatema chini. "Ana mume," akasema. "Lakini ameona mume gani. Endeleeni kutazama. Mbona hamtazami zilizobaki?"

Zilibaki palepale kwenye skrini, safu nzima ya mwisho, na hakuna aliyejali kuzificha. Akai aliinuka akaja mpaka mbele. Akazitazama polepole kama mtu anayehesabu wanyama jioni. Mkono wake wa kwenye picha ulikuwa umenyooshwa, na kidole cha Akai kikaugusa.

"Nyuma ya kilima," akasema. "Na mawe."

Losike alikuwa amekalia kigoda, mtu akimfunga mkono kwa kipande cha shuka. Akafungua mdomo. "Sikuwa nyuma ya kilima," akasema. "Nilikimbia. Nilikuona umeanguka, nikakimbia."

Akai akakaza shuka la mtoto mgongoni.

"Kukimbia ni kati yako na mkeo," Mzee Ekuwam akasema. "Lakini umemvunja taya mtu aliyekula nyumbani kwako, kwa kosa lako mwenyewe. Hilo ni letu. Rika lako liko wapi?"

Kwetu mkosaji huadhibiwa na wenzake wa rika, na rika lake lilikuwa pale pale, limekaa benchi za nyuma, na wengi walikuwa na deni la ngumi lililosubiri miaka. Wakamtoa nje, wakamvua shati, wakamfunga kwenye nguzo ya bango la mechi. Wakakata fito mbichi. Mkono wenye jeraha waliuacha huru, huo tu ndio utu walioupata. Fimbo za kwanza alizihesabu. Zilizofuata zilimhesabu yeye. Ngozi ya mgongo ilifunguka kama udongo wa kiangazi, damu ikaloweka ukanda wa suruali, na kila aliyechoka alimpa fito mwenzake. Utingo mwenye pua iliyopinda alipiga kwa ustadi wa pekee. Tut alisimama mbele kabisa, mikono kifuani, kisha akatazama pembeni.

Losike alilia, alitukana, akaomba maji. Hakuomba waache.

Akai alitoka bandani na mtoto mgongoni. Watu wakampisha. Akasimama karibu na nguzo mpaka fito ikawa inapita mbele ya uso wake, na aliyeishika ikambidi aishushe.

"Basi," akasema.

"Bado, mama," mwenye fito akajibu. "Mzee hajasema."

"Mimi nimesema. Huyu ni wangu, nimetolewa fahali, mmeona wenyewe. Mkimvunja mgongo nani atalisha huyu mtoto, wewe?" Akageukia nguzo, akavuta fundo la kamba kwa meno, na Losike alipoanguka hakumdaka. Alimwacha afike chini, kisha akainama. "Simama," akamwambia. "Nyumbani hakuna mlango, na ni wewe utakayeuweka."

Losike akaweka mkono mzima mchangani, akasukuma, akaanguka, akasukuma tena.